Siku Tuliyonyang'anywa Baiskeli Karema

Juzi nilishuka Mpanda kutoka Mwese, ninakofanya kazi ya uuguzi, na pikipiki yangu ikapata pancha kabla sijafika sokoni. Kijana wa pancha alinigeuzia ndoo nikae, akachomoa tyubu, akaikwangua kwa kipande cha msasa, kisha akafungua kikopo cha gundi. Harufu ikanipanda puani, kali na tamu kidogo, kama petroli iliyotiwa pipi. Sikuwa nawaza jambo lolote zito, nilikuwa nawaza nyanya na sabuni. Mara nikahisi meno yameumana na vidole vimekaza mkanda wa mkoba wangu.

"Dada, unaumwa?" kijana akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba nina hasira niliyoipata nikiwa kidato cha tatu na bado haijaisha? Yeye alikuwa na foleni ya watu wa kuzibiwa matairi. Basi nawaambia nyie, ambao mmekaa na mna nafasi ya kunisikiliza.

Shule yetu ilikuwa na klabu ya baiskeli. Aliyeianzisha ni makamu mkuu wa shule, ambaye pia ndiye aliyeshika nidhamu, tuseme Mwalimu Sabas. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua, na sauti yake ilikuwa ya chini, kiasi kwamba ilibidi unyamaze ndipo umsikie. Mwaka ule alitangaza kwamba likizo ya mwezi wa sita klabu ingesafiri kwa baiskeli kutoka Mpanda hadi Karema, na kutoka Karema tungefuata ufukwe wa Ziwa Tanganyika mpaka Ikola. Huko Ikola kungekuwa na wageni kutoka Dar es Salaam, watu wanaosaidia michezo ya vijana, waje na kamera zao watuone tukiingia. Masharti yalikuwa mawili: uje na baiskeli yako na ruhusa ya mzazi.

Wengi wetu hatukuwa tumeliona ziwa. Watu wa mbali hudhani kila mtu wa Katavi amezaliwa na ndoana mkononi. Mimi nilikuwa mtoto wa Makanyagio, na maji mengi niliyokuwa nimeyaona maishani ni yale yaliyosimama mtaani kwetu wakati wa masika.

Baba yangu alikuwa seremala. Alizaliwa Kasansa, kwenye mpunga, akaja mjini kijana na msumeno wake. Alikuwa na baiskeli moja nyeusi, ya kiume, nzito kama ng'ombe, na kwenye karia yake alikuwa akibeba mbao, viti, na mara nyingine mlango mzima uliosimama wima, hata majirani wakawa wanamtania kwamba mlango unakwenda kusalimia ndugu. Baiskeli ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Nilipomweleza habari ya safari sikutegemea jibu. Alipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema, "Basi utaichukua hii."

Mama alipinga wiki nzima. Yeye ni Mkonongo wa Inyonga, na akianza kupinga hapandishi sauti, anapika tu kwa kelele: sufuria zinagongana, mwiko unalia. "Mtoto wa kike, porini, na wavulana," alisema. "Watu wa jumuiya watasema nini, Baba Vene?"

"Watasema amefika ziwani," baba akajibu.

Jumamosi moja aliitandaza ile baiskeli uani, vipande vipande, juu ya gunia. Alishusha siti hadi mwisho ili miguu yangu ifike. Lile bomba la juu, ambalo lilikuwa linanigonga kila ninapopanda, alilifunga kwa kitambaa cha kitenge cha zamani cha mama, akakikaza kwa uzi wa katani. Halafu akatoboa tyubu kwa msumari, makusudi. Nilishtuka. Akanipa msasa na kikopo cha gundi. "Ziba, mama. Huko porini hakuna wa kumwita." Niliziba, ikavuja. Nikaziba tena. Mpaka jioni mikono yangu yote ilinuka ile gundi, na baba, ambaye hakuwa mtu wa sifa, aliipitisha tyubu majini, akaona haitoi povu, akatikisa kichwa kukubali na kwenda kunawa.

Wasichana tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa Zuhura, niliyekaa naye dawati moja. Alilelewa na mjomba wake, Mjomba Athumani, muuza mkaa, mwanaume mrefu ambaye hakuwahi kumwamkia mtu kwa kuinamisha shingo, awe diwani au nani. Baiskeli ya Zuhura ilikuwa ya kubebea mkaa. Kila alipoishika viganja vyake vilitoka vyeusi, na kila alipojifuta jasho alijichora masharubu. Tulicheka sana masharubu yale.

Tuliondoka asubuhi, baridi ya mwezi wa sita inauma masikio. Nakumbuka tuliponyoosha barabara ya Karema, miombo pande zote mbili imekauka, majani yana rangi ya kutu, na vumbi la wenzako linakuingia mdomoni hadi unalitafuna. Mbung'o walitutesa. Wadudu wale wanapenda kitu kinachokwenda, na sisi tulikuwa vitu vinavyokwenda. Ukisimama kuwafukuza unaachwa, ukiendelea wanakutoboa shati. Wavulana waliimba nyimbo za redioni mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilikuwa na chupa ya asali ya bibi wa Inyonga, tukawa tunailamba mimi na Zuhura kila kilima kinapotushinda, na vilima vilivyotushinda vilikuwa vichache. Tuliwapita wavulana wengi siku ile. Nasema hivyo kwa sababu baadaye ilisemwa vingine.

Mwalimu Sabas yeye alitangulia na pikapu iliyobeba masufuria na unga, vioo amefunga asiingiwe vumbi. Katika safari ile nzima ya klabu ya baiskeli, mwanzilishi wake hakupanda baiskeli hata mara moja. Wakati ule hatukuliona jambo hilo kuwa la kuchekesha.

Jioni tulifika kwenye shule ya msingi ambako tungelala. Wavulana walijitupa kwenye majani kama magunia. Mimi na Zuhura tulikuwa tumeegemea ukuta, tunavua viatu. Mwalimu akatokea mlangoni.

"Mpishi niliyemtegemea hakuja," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Wasichana, jikoni."

Tukaenda. Nilisonga ugali wa watu wote wale huku mapaja yananitetemeka, moshi unanitoa machozi ambayo hayakuwa ya moshi peke yake. Zuhura alichambua maharage kwa vidole vyeusi vya mkaa. Tulipomaliza kupakua, maji ya kunawa yalikuwa yameisha. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Hatukusema kitu. Tulikuwa tunalitaka ziwa.

Na ziwa tuliliona. Barabara ilipoanza kuteremka, miti ikafunguka, nikaona kitu cha bluu kimelala chini yetu, kikubwa hadi kimekula nusu ya mbingu, na ng'ambo yake, mbali, kama moshi, milima ya Kongo. Nilishika breki nikasimama. Zuhura alinigonga kwa nyuma. Hatukugombana, tulisimama tu tukiwa tumeshikana na zile baiskeli zetu.

Wakati tumesimama, Kelvin alitupita mbio, mikono ameachia usukani, anapiga mluzi. Kelvin alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa bodi ya shule, na baiskeli yake ilikuwa mpya, yenye gia. Nyuma yake alifuata rafiki yake akimuiga. Kwenye kona tukasikia kishindo. Tulipowafikia, walikuwa wamekaa barabarani wanajifuta magoti, na baiskeli zao zimeingiliana. Rimu ya Kelvin ilikuwa imekunjika kama chapati. Ya mwenzake uma wa mbele ulikuwa umevunjika kabisa. Hawakuumia. Tuliwapa asali yetu iliyobaki, na zile baiskeli zikapakiwa garini.

Asubuhi, pale Karema, tulijipanga tukiwa tumeelekeza baiskeli Ikola. Hewa ilinuka dagaa wanaoanikwa. Jua lilikuwa halijapata makali, maji yametulia, na mimi nilikuwa na furaha ya namna ambayo mtu hujisikia kuimba bila kujua wimbo gani. Mwalimu Sabas akatembea mbele yetu, akasimama kwangu.

"Veneranda, baiskeli yako mpe Kelvin. Zuhura, yako mpe mwenzake. Nyie mtapanda gari na masufuria."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

"Mwalimu, na sisi?"

"Nyie mmeshaendesha vya kutosha. Wageni wanatakiwa waone timu inaingia vizuri."

"Sisi si timu?" Zuhura akauliza.

Mwalimu akanyoosha mkono akashika usukani wangu. Nami nikashika karia.

"Mwalimu, hii ni baiskeli ya baba yangu."

"Baba yako ameikabidhi kwa shule."

"Ameikabidhi kwangu, mwalimu."

"Veneranda. Usinitie aibu."

Akavuta. Nikavuta. Wavulana wote wametazama chini, kama watu waliopoteza kitu mchangani. Hakunipiga. Alifanya jambo ambalo mpaka leo naona afadhali angenipiga: aliinama, akabandua vidole vyangu kwenye karia kimoja kimoja, polepole, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Mdomo wake ulinuka dawa ya meno. Kisha akamsukumia Kelvin baiskeli.

Kelvin alipanda, akashuka. "Siti iko chini, mwalimu." Wakaipandisha. Akakitazama kile kitambaa cha kitenge kwenye bomba la juu, akacheka, akakivuta hadi uzi ukakatika, akakitupa. Zuhura ndiye aliyekiokota. Alikikung'uta, akanipa.

Tulikaa nyuma ya pikapu katikati ya masufuria, tumewapa mgongo wenye gari, uso kwenye vumbi tulilolitoa. Ziwa lilipita kulia kwetu, kipande kwa kipande, kati ya nyumba na mitumbwi. Lile lile nililolijia. Watoto wa vijiji vya wavuvi waliwashangilia wavulana waliotutangulia, na sisi tulipopita wakaulizana, mmoja akawajibu wenzake kwa sauti, "Hao ni wapishi wao!" Sufuria kubwa lilikuwa linanigonga kifundo cha mguu kila gari linaporuka. Sikulisogeza. Nililiacha linigonge.

Jua lilipopanda tuliwakuta wavulana wamesimama kwenye kijiji kidogo cha wavuvi. Walikuwa wamevua mashati na kuingia majini. Mwalimu Sabas alishuka kutafuta samaki aina ya migebuka kwa chakula cha mchana cha wageni, akaingia na wavuvi nyuma ya vichanja vya dagaa. Mimi nikatazama baiskeli. Wenzetu walizisimamisha zao kwenye mti. Zetu mbili zilikuwa zimetupwa. Ya baba ililala ubavu kwenye mchanga mbichi, upande wa mnyororo, na wimbi dogo linakuja linailamba pedeli, linarudi, linakuja tena.

Niliruka kutoka garini. Sikumwambia Zuhura chochote, lakini nilisikia miguu yake nyuma yangu. Nilipoinyanyua niliona tairi la nyuma limelala. Kelvin alikuwa ameendesha hivyo hivyo likiwa tupu, kisha akaitupa baiskeli. Msasa na gundi vilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikaa mchangani, nikaichomoa tyubu, nikaikwangua, nikapaka, nikaipulizia kwa mdomo. Hapo ndipo ile harufu iliponiingia na haijanitoka. Zuhura alisimama mbele yangu, kanga ameitanda mabegani kama pazia. Tukajaza upepo kwa pampu, kwa zamu. Dereva wa pikapu alikuwa ameegemea mlango wa gari. Alituona vizuri kabisa. Akageuza uso akaanza kutazama maji.

"Tunakwenda?" Zuhura akauliza.

"Tunakwenda."

Siti ilikuwa juu, sikuweza kukaa, kwa hiyo niliendesha nimesimama. Nyuma tulisikia mtu anapiga kelele, kisha ziwa likameza kelele zake. Jamani, nawaambia nyie, sijawahi kuendesha chombo chochote kama nilivyoiendesha baiskeli ile. Mchanga ulitushika tukashuka tukasukuma tukapanda. Upepo wa maji ulitupiga ubavuni. Zuhura, ambaye darasani alikuwa mpole hadi walimu wanasahau jina lake, alikuwa anatukana. Alilitukana gari, alilitukana lile sufuria kubwa, alimtukana Kelvin na gia zake, na uso wake wote ulikuwa na masharubu ya mkaa. Nilicheka huku nimekasirika, na nilikuwa sijui kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika kifua kimoja.

Ikola wageni walikuwa wamekaa chini ya turubai. Walipotuona walisimama wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye kofia akatuletea maji akatuuliza, "Nyie ndio mnaoongoza?" Zuhura akasema ndiyo. Ilikuwa kweli, hakukuwa na mtu mbele yetu.

Muda si mrefu wavulana wakaanza kuingia, na nyuma yao pikapu, na nyuma ya pikapu Kelvin na mwenzake, wamekaa katikati ya masufuria. Mwalimu Sabas akashuka. Nilijiandaa kwa lolote, isipokuwa kwa alichokifanya. Alitabasamu. Alitembea hadi kwetu, akasimama katikati, akaweka mkono mmoja begani kwangu na mwingine kwa Zuhura.

"Hawa ndio mabinti wetu niliowaambia," alisema. "Klabu yetu inawapa wasichana nafasi ya mbele."

Wageni wakapiga picha. Vidole vile vile vilivyobandua vya kwangu vilikuwa vinanibonyeza bega. Bila kuacha kutabasamu aliniambia sikioni, "Mtanitambua."

Tulimtambua shule ilipofunguliwa. Asubuhi ya kwanza, mstarini, alituita mbele mimi na Zuhura. Alisema tumeiba baiskeli mbili za msafara. Alisema tumetoroka, tukawaacha wenzetu bila usafiri. Halafu, kwa sauti yake ya chini, shule nzima imenyamaza ili imsikie, akasema, "Wasichana wawili, peke yao, njia ya wavuvi. Sijui walikuwa wanawahi kwa nani." Watu wakacheka. Nilisikia kile kicheko kwa miaka. Kilinifuata bombani, kilinifuata kanisani. Tukaambiwa tusirudi bila wazazi.

Mjomba Athumani alikuja siku ile ile, na vumbi la mkaa mikononi. Ofisi ilikuwa na madirisha ya wavu, shule nzima ilimsikia.

"Baiskeli ni yangu, mtoto ni wangu. Sasa nani kaibiwa?"

Sikusikia mwalimu alichojibu.

"Siombi radhi kwa mali yangu," Mjomba Athumani akasema. "Zuhura, chukua daftari zako." Akatoka naye, kichwa juu, na Zuhura nyuma yake, kichwa juu pia. Nilitaka kupiga makofi.

Baba alikwenda kesho yake, amevaa koti la Jumapili. Alikaa ofisini muda mrefu. Sikusikia hata neno moja, na nilikuwa namngoja apaze sauti kama Mjomba Athumani. Jioni nyumbani hakusema kitu. Alitoka, akarudi giza limeanza kuingia, akala kidogo.

Asubuhi iliyofuata alinirudisha shule, na tukiwa mstarini nilimwona anakuja kutoka ofisini na Mwalimu Sabas. Nilidhani wamemaliza. Baba akasimama mbele ya shule nzima, akavua kofia. Kisha akapiga magoti. Kwenye changarawe, baba yangu, mbele ya mtu mdogo kwake kwa umri.

"Mimi ni mzazi wa Veneranda," alisema. "Mwanangu alichukua baiskeli bila ruhusa. Nawaomba walimu, na nyie wanafunzi, mnisamehe mimi niliyemlea."

Alichukua baiskeli bila ruhusa. Baiskeli ambayo yeye mwenyewe aliinunua, ambayo yeye mwenyewe alinishushia siti. Kelvin alikuwa mstari wa mbele na alicheka waziwazi. Mwalimu Sabas alimwacha baba pale chini. Alikohoa, akatazama saa, akatazama mawingu, ndipo akasema, "Haya, mzee, inuka." Baadaye nilipigwa viboko. Viboko sivikumbuki.

Baba alikuja kunichukua jioni na ile baiskeli. Akanionyesha karia nikae. Nilikataa. Nilitembea upande wa pili wa barabara hadi nyumbani, yeye anaisukuma huku, mimi kule. Nilipofika nikamwambia mama, kwa sauti ya kusikika uani, "Afadhali Zuhura ana mjomba." Baba alikuwa ameshaanza kupiga randa. Randa ikasimama. Halafu ikaendelea.

Sikumsamehe. Nilimwamkia, nilimpelekea chakula, nilimwitikia akiniita, lakini kitu fulani nilikiondoa nikakiweka mbali naye. Nilimaliza shule, nikasoma uuguzi, nikaajiriwa. Siku ya mahafali yangu alikuja na lile koti, na mimi, nilipoliona, nikaona tena magoti kwenye changarawe, nikamwonea haya.

Mwaka jana magoti yake yalianza kuvimba. Nikashuka nyumbani kumchua. Nilikuwa nimeinama na chupa ya dawa, mama amekaa kando anachambua mchele, akasema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Magoti hayo yamekusomesha."

"Mama Vene," baba akamkataza.

"Miaka yote umeninyamazisha. Leo naongea." Na mama akaongea. Kumbe siku ile ofisini Mwalimu Sabas alishaamua kunifukuza shule moja kwa moja, na shule nyingine yoyote ikiuliza ataijibu kwamba mimi ni mwizi na mhuni. Baba alimbembeleza. Alijitolea kupiga magoti pale pale ofisini, mlango umefungwa. Mwalimu akakataa, akasema makosa ya hadharani yanaombewa radhi hadharani. Na ile jioni baba alipotoka bila kusema aendako, alikwenda kwa Mjomba Athumani. Alimsihi waende wote wawili, wapige magoti pamoja, ili Zuhura naye arudi darasani. Mjomba Athumani alimfukuza. Alimwambia kwamba mwanaume asiye na uti wa mgongo asikanyage tena kwake.

Nilibaki nimeshika goti lake lenye mafuta. Sikuweza kuinua uso.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ungeacha shule," alisema. "Nakujua. Ungesema bora ufukuzwe kuliko mimi nipige magoti." Akanyoosha mguu taratibu. "Mimi nilipiga asubuhi moja tu, mama. Halafu nikainuka."

Zuhura hakuinuka vile. Baada ya siku ile hakurudi shule, wala shule nyingine haikumpokea. Aliolewa mapema, akaachika, na sasa anachoma chapati stendi ya Mpanda, chapati nzuri ambazo madereva wanaziagiza kwa simu kabla basi halijaingia. Mjomba Athumani amefariki. Hadi mwisho alikuwa akiwasimulia watu siku aliyomkomesha makamu mkuu, na Zuhura, aliyekuwa anamuuguza, alikuwa akimsaidia kusimulia.

Nilimpelekea habari niliyoisikia kwa mama. Alinisikiliza bila kuacha kusukuma. Nilipofika pale baba alipokwenda kumsihi mjomba wake, mkono ukasimama juu ya donge.

"Alikuja kwetu? Baba yako?"

"Alikuja."

"Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia mjomba anamfokea mtu. Sikuuliza ni nani." Akaligeuza donge, akaligeuza tena. "Nimekaa miaka yote hii namsifu mjomba wangu. Na wewe umekaa unamwonea haya baba yako. Na yule?"

"Amestaafu. Nasikia walimfanyia sherehe, wakamshukuru kwa kuwainua wasichana."

Zuhura alilipiga lile donge kofi hadi unga ukaruka. Wateja wakageuka.

Kanisani naambiwa nisamehe. Labda siku moja. Lakini siwezi kusamehe jambo ambalo limeelezwa kinyume, na kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nalieleza kinyume, nikimpima baba kwa mjomba na mjomba kwa baba, nani shujaa na nani mwoga. Nilikuwa mtoto, nilitazama aliyepiga magoti na aliyekataa, sikumtazama aliyewapa wanaume wawili wazima uchaguzi ule na kusimama pembeni akiangalia saa. Hasira yangu haikupoa nilipojua ukweli. Ilihama tu, ikaondoka kwa baba, ikaenda ilikotakiwa kuwa tangu mwanzo. Baba hakuwa na kosa, wala Mjomba Athumani. Mimi na Zuhura hatukuiba kitu. Mwizi alikuwepo mstarini asubuhi ile, na sisi ndio tulioambiwa tumwombe radhi.